Siku Niliyopanda Bata na Baba Mkwe

Mkicheka nitawaelewa, maana siku hizi hata mimi nacheka, ila chekeni polepole kwa sababu video bado iko kwenye simu za watu, na kuna mteja wangu mmoja hapa saluni ambaye kila akikaa kusukwa hunitazama kwenye kioo, akabana midomo, mabega yakaanza kumtikisika, na mimi najua kabisa anachokikumbuka. Ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke wa kitenge cha bluu aliyekuwa akizunguka katikati ya ziwa ndani ya bata wa plastiki, pembeni yake mzee wa kofia, huku spika ikiwatangaza kuwa wapenzi wa siku, ni mimi Kemunto, binti wa Suneka, mke wa mtu. Na yule mzee si mume wangu. Ni baba ya mume wangu.

Kwa wale ambao hamkuolewa Kisii wala Nyamira, ngoja nieleze kwanza, msije mkadhani nalalamika bure. Kwetu kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya na ni heshima, vyote pamoja, na inakaa hasa kati ya wakwe. Baba mkwe humpi mkono. Hukalii kiti chake, huketi naye benchi moja, humtazami machoni, na ukijua yuko karibu kichwa unakifunga kitambaa. Wengine siku hizi wamelegeza (nasikia kuna wakwe wanatumiana hata vichekesho kwa simu, Mungu awasaidie), lakini mzee wangu ni wa kale, na juu ya ukale wake ni mzee wa kanisa. Tangu niolewe hakuwa amewahi kunisemesha moja kwa moja. Akitaka chumvi, na chumvi ninayo mimi mkononi, anamgeukia mama mkwe na kusema, "Mwambie mama Nyaboke alete chumvi" (Nyaboke ni mtoto wangu), na mama mkwe ananiambia, na mimi nampa mama mkwe, na mama mkwe anampa mzee. Chumvi ilikuwa inatembea nyumba nzima kabla ya kufika kwenye ugali.

Sasa mimi nilitoka nyumba ya kelele. Kule Suneka baba yangu anaongea na kila mtu, ng'ombe wakiwemo. Kwa hiyo ukimya wa mzee niliusoma kwa miwani yangu mwenyewe, nikasema huyu mtu hanitaki, na jambo hilo liliniuma, sitawaficha. Tena tulikuwa na jambo mbele yake. Mume wangu Ombati ndiye kitinda mimba, anafanya kazi kiwanda cha chai upande wa Itumbe, na tulikuwa tumechoka na chumba cha kupanga mjini Kisii ambako jirani akipiga chafya ni sisi tunaosema pole. Tulitaka kujenga nyumbani. Lakini mwanamume hajichagulii mahali pa kujenga kwenye shamba la baba yake, anaonyeshwa, na kuonyeshwa tulikuwa tumeomba tangu Pasaka. Mzee alijibu neno moja tu, "Nimesikia." Baridi ya Julai ikaja ikaenda, Desemba ikafika, na mzee bado alikuwa amesikia.

Basi nikapata akili (hizi akili zangu ndizo zinazoniua). Nikamwambia Ombati, huyu mzee tumlainishe, tumpeleke matembezi. Nilikuwa nimeona picha za lile ziwa dogo lililo juu kabisa ya milima, mbele ya Ikonge, lililozungukwa na mashamba ya majani chai na mikaratusi. Zamani watalii wake walikuwa ng'ombe. Lakini mtu mmoja akalizungushia ua, akaleta bembea, farasi mmoja mpole aliyechoka na maisha, fremu ya mbao yenye umbo la moyo ya kupigia picha, jukwaa ambalo siku ya mwanga unaona Ziwa Victoria likimeta mbali kule chini, na mashua za plastiki zenye umbo la bata ambazo watu wawili wanakaa ndani na kukanyaga kama baiskeli. Desemba watu wanatoka hadi Nairobi na miwani yao ya jua kuja kukanyaga bata.

Nikawapigia simu watu wa ziwani. Aliyepokea akaniuliza kama kuna sherehe yoyote ili mtangazaji wao aitaje kwenye spika, na mdomo wangu huu ukasema ndiyo, wazazi wangu wanasherehekea ndoa yao, muwatangaze wakiwa ziwani, mzee atakuwa na kofia ya kijivu na mama atakuwa na kitenge cha bluu chenye maua ya njano. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuja kwa fundi. Nilikuwa namshonea Mama (mama mkwe wangu mimi humwita Mama) gauni la safari, na fundi akaniambia kitambaa kimebaki, si nimshonee na mimi nifanane naye, tutapendeza kwenye picha. Nikasema shona. Neno dogo tu, shona. Laiti ningemwambia kile kitambaa kilichobaki awashonee watu foronya.

Tulienda Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato na kwa mzee Sabato haichezewi. Ombati aliazima gari la rafiki yake. Mzee alikuja na koti, kofia na mwavuli, jua likiwaka vizuri kabisa. Mama alikuja na kikapu cha kuku wa kienyeji, ndizi za kuchemsha na chinsaga, mboga yetu chungu, kwa sababu chakula cha hoteli kwake ni cha kuonja. Na asubuhi ile nawaambia ilikuwa nzuri. Mzee alisimama kwenye jukwaa akaanza kumwonyesha Mama vilima, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika: "Mwambie mama Nyaboke kule ndiyo upande wa kwao." Mama akanigeukia, "Kule ndiyo upande wa kwenu." Nikasema, "Mwambie Tata nimeona" (Tata kwetu ni baba). Nikajipongeza moyoni, mzee analainika, mpango unaiva.

Tulipomaliza kula nikamwambia Ombati awaambie wazazi waende kwenye bata. Mzee alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Mwenye mashua, mwanamume mnene anayeitwa Nyakundi, akaanza kumvisha jaketi la kuelea, na mzee akalipa ziwa mgongo akimhoji kama humo ndani kuna samaki na wanakula nini. Mama naye alifika kwenye daraja la mbao, akamtazama bata, bata akamtazama.

"Mimi niingie kwa tumbo ya hii kitu? Yaya!" (Kwetu yaya ni hapana, na hiyo ilikuwa hapana ya kutoka kwenye magoti.)

"Mama, haizami."

"Ikizama nani atapika jioni?"

"Ona basi, tazama mimi." Nikavaa jaketi lililokuwa liwe lake, nikaingia, nikakaa, nikarukaruka pale kitini ili aone kwamba bata ametulia. "Umeona? Ni kama sofa."

Nyuma yangu nikamsikia Nyakundi akisema, "Mzee, mama ameshaingia, anakungoja."

Sasa fuateni vizuri hapa, kwa sababu watu hunilaumu. Mzee alijua mimi niko mahali pale pale karibu, na mzee mwenye heshima zake akijua mke wa mwanawe yuko karibu anatembea macho chini. Basi akaja macho chini. Akaona pindo la kitenge cha bluu chenye maua ya njano, akaona jaketi, akaingia, akaketi, na Nyakundi akatusukuma kwa mguu mmoja wenye nguvu za ajabu, tukateleza mpaka maji ya katikati.

Mnaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Ningepiga kelele nikisema nini, na kumwambia nani? Mkwe hasemeshwi! Nilimgeukia Mama kule ukingoni nikimwomba kwa macho amwite mzee, amwambie niko hapa, na Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Ombati alikuwa kwenye bembea na mtoto, hana habari.

Na mzee akaanza kuongea. Akaongea kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, laini kama ya kijana anayetongoza. "Kerubo," akasema (hilo ndilo jina la Mama), "si nilikuambia hii kitu haina shida? Wewe unapenda kuogopa tu. Shika peremende. Na kanyaga, miguu yako bado ni ya msichana."

Peremende ikaja mbele yangu juu ya kiganja chake. Sikuichukua. Mzee akangoja, kisha akatazama mkono wangu kuona kwa nini haupokei, na kucha zangu zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu kama nyanya. Macho yake yakapanda polepole, kucha, mkono, bega, na yakafika usoni kwangu.

"Nyasae!" akasema. Hakuwa ananisemesha mimi. Alikuwa anamwita Mungu.

Akaruka mpaka ukingo wa kiti upande wake, nusu ya kitako ikabaki nje. Mimi nikaruka ukingo wa upande wangu. Katikati yetu tukaacha nafasi ya kutosha mtu wa tatu, na bata akawa anayumba kwa kuwa hakuelewa uzito uko wapi. Na hapo ndipo spika ikawaka.

"Mabibi na mabwana, geukeni mtazame ziwani! Leo tuna wapenzi wetu maalumu! Wanasherehekea miaka mingi ya ndoa! Baba wa kofia, mama wa kitenge, tupungieni mkono!" Na wimbo wa mapenzi ukafunguliwa mpaka mwisho. Watu wote wakageuka. Simu zikainuliwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakula mahindi akasema, na juu ya maji sauti inafika vizuri sana, "Miaka mingi gani? Huyo mzee si ameoa mtoto!" Mwingine akamjibu, "Na wamegombana, ona walivyokaa." Mimi nikainamisha uso mpaka kidevu kikaingia ndani ya jaketi.

Mzee alikuwa anataka jambo moja tu, tufike nchi kavu. Lakini bata yule kila upande una pedali zake, mmoja akikanyaga peke yake mnazunguka, na mimi kwa kuchanganyikiwa nilikuwa nakanyaga kama ninayefukuzwa. Tukawa tunazunguka pale pale. Mzee angeweza kuniambia niache. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu nanyi sasa. Badala yake akaweka mikono mdomoni akapaza sauti kuelekea ukingoni:

"Kerubo! Mwambie aache kukanyaga!"

Na Mama, hata kama dunia inaisha kazi yake anaijua, akapaza sauti: "Kemunto! Anasema uache kukanyaga!"

Nikaacha. (Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza, lakini ningeachaje kabla sijaambiwa?) Sasa yeye akakanyaga, na bata akaanza kuzunguka kwa upande wa pili.

"Mwambie akanyage sasa! Lakini polepole!"

"Kemunto, kanyaga! Polepole!"

"Mama, mwambie Tata kitenge kimeshikwa na pedali!"

"Mzee! Anasema kitenge kimeshikwa na pedali!"

"Mwambie akivute!"

Tukaendelea hivyo, na polepole ukingo mzima ukasogea karibu na Mama kusikiliza, kama watu wanaosikiliza mpira kwenye redio. Kisha upepo ukaanza, sauti ya Mama ikawa haifiki, na yule mtangazaji, kijana wa watu mwenye nia njema, akaamua kutusaidia na kipaza sauti chake. "Mathe wa kitenge! Mzee anasema upunguze moto! Narudia, punguza moto upande wako!" Watu walilala chini kwa kicheko. Nilitamani ziwa linimeze, na ziwa lenyewe nilikuwa juu yake.

Halafu akaharibu kabisa. Nadhani Ombati ndiye aliyefika mbio akamnong'oneza, kwa sababu muziki ulizimwa ghafla na kijana akasema kwa sauti ya kuomba msamaha, "Wageni wetu, kuna marekebisho. Nimearifiwa kwamba hawa si bwana na bibi. Narudia, si bwana na bibi. Ni baba mkwe na mke wa mwanawe."

Watu wa Nairobi waliendelea na nyama zao. Lakini wenyeji, jamani, wenyeji walisimama wote kwa pamoja, akina mama wakashika vichwa, na mtu mmoja akasema "Obee!" ndefu iliyozunguka ziwa lote. Kabla ya marekebisho tulikuwa wapenzi waliogombana. Baada ya marekebisho tulikuwa mwiko unaoelea. Nikaanza kulia kimyakimya, na nilicholilia hasa si kicheko cha watu, ni lile shamba. Niliona nyumba yangu, ambayo haikuwa hata na kigingi kimoja, ikizama mbele ya macho yangu. Nani atamwonyesha mahali pa kujenga mwanamke aliyemketisha baba mkwe kando yake na kumtangaza kwa spika?

Mzee hakuwa anatazama watu tena. Alikuwa anatazama mbingu, kama mkulima yeyote wa chai ambaye majani yake yamewahi kuchanwachanwa na mvua ya mawe. Wingu lilikuwa limepanda nyuma ya mikaratusi, jeusi, na chini yake kuna weupe ambao mtu wa kwetu akiuona anaita watoto ndani. Upepo ukatusukuma hadi upande wa pili wa ziwa, kwenye matete, na bata akaingiza shingo humo akakwama. Mtumbwi wa kuwaokoa watu ulikuwa umepinduliwa nchi kavu unazibwa tundu. Ombati alikuwa amevua viatu amesimama kwenye maji mpaka magotini, na hapo ndipo ujuzi wake wa kuogelea unapoishia, maana sisi watu wa milima tumezoea kupanda juu.

Mawe ya kwanza yakaanza kugonga plastiki. Mzee akachukua mwavuli wake, na badala ya kunipa mkononi akauweka katikati ya kiti, akageuka akatazama kwingine. Nikauchukua, nikaufungua. Sasa niufunike nani? Kujifunika peke yangu ni utovu wa adabu, na kujibana naye chini ya mwavuli mmoja sithubutu hata kuwaza. Nikaunyoosha mkono wote, nikamfunika yeye, mimi nikabaki nje. Mawe yananipiga kichwani, kitambaa kimeng'olewa na upepo kimekwenda zake, nywele wazi mbele ya baba mkwe, machozi na mvua havijulikani kipi ni kipi. Spika nayo ilikuwa imenyamaza. Hakukuwa na mtu wa kutupitishia neno.

Radi ikapiga. Ilipiga kwenye mikaratusi ya upande ule ule wetu, tukaona mwanga na kusikia mti ukipasuka kwa wakati mmoja, na mnajua milima yetu ya Kisii na Nyamira na radi, si mambo ya kusimulia kwa mzaha. Nikafumba macho.

"Kemunto."

Nilidhani ni Mama, mpaka nikakumbuka Mama yuko ng'ambo.

"Kemunto, mtoto wangu, nisikilize mimi." Mzee alikuwa amenigeukia mzima. "Hayo mengine tutajua nchi kavu. Funga mwavuli, una chuma huo. Sogea hapa katikati. Kanyaga kurudi nyuma mpaka tutoke kwa hii matete, halafu utanifuata mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."

Nikasogea. Mabega yetu yakagusana na hakuna aliyeruka. Tukakanyaga kurudi nyuma, bata akachomoa shingo yake, tukamgeuza. Mzee akaanza kuhesabu, moja, mbili, moja, mbili, lakini nilikuwa napitwa, basi akaacha kuhesabu na kuanzisha wimbo wa kanisani, ule wa mwendo wa kwata ambao kwetu kila mtu anaujua. Nikaitikia. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, yake nzito haitetemeki, na miguu ikakubaliana. Tulikata ziwa lile tukiimba kwenye mawe na ngurumo kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, na kule chini ya mabati walikojificha watu nikasikia akina mama wakipokea kiitikio. Sijui walisahau lini kutucheka.

Tulipogonga daraja nilisimama vibaya, mguu mmoja ukaingia kwenye tope, nikawa naanguka majini chali. Mzee alinikamata mkono. Akanivuta kwa nguvu, akanisimamisha juu ya mbao, akasema, "Pole." Kisha akauona mkono wangu ndani ya mkono wake, akauachia kama sufuria ya moto, akanipa mgongo, akaenda zake kutafuta kofia yake iliyokuwa kichwani.

Tukarudi nyumbani kwa mzee. Ombati alikuwa anaendesha huku anameza mate. Mimi nilikuwa nyuma na Nyaboke, nimefungwa leso ya Mama kichwani, natazama shingo ya mzee kule mbele nikijaribu kuisoma. Jioni nilimsaidia Mama kupika, na machozi yakaniponyoka nikiwa nasonga ugali. Nikamuuliza kama itabidi tumlete pasta aombe, au wazee wa ukoo wataitisha mbuzi, au nirudi tu Suneka.

"Amesema nini, Mama?"

"Hajasema kitu. Amekula, ameomba, amelala."

"Amekasirika?"

"Kemunto, mimi nimeishi na huyo mtu miaka yangu yote. Akinyamaza hivyo anafikiria. Sasa anafikiria nini, hiyo anajua Mungu." Kisha akajaribu kujizuia, akashindwa, akakaa kwenye kigoda, akacheka mpaka akashika mbavu. "Eti punguza moto!" Mimi nililia, yeye alicheka, ugali ukaungua.

Tulilala kwenye kibanda cha Ombati cha ujana. Asubuhi, umande bado haujakauka kwenye majani chai, nikasikia mzee akikohoa nje, kwa mbali, kama anavyokohoa siku zote ili nijue anapita. Ombati akatoka, kisha akarudi akanishika mkono, uso wake sikuuelewa. "Funga kitambaa. Tunaitwa wote."

Mzee alikuwa amesimama kwenye mteremko nyuma ya migomba, panga mkononi na vigingi kwapani, Mama kando yake. Nilisimama hatua chache kando, macho chini. Nikamsikia akipiga kigingi cha kwanza ardhini, kisha akamgeukia Mama.

"Mwambie mama Nyaboke hapa ndipo nyumba yao. Mwambie mlango utazame mtoni. Kwangu kunatazama barabarani. Akitoka kuoga hatakutana na mimi, na mimi nikitoka hatalazimika kukimbilia kwa migomba kujificha. Akitaka kukaa nje kichwa wazi asuke watu wake, akae. Mwambie nimezunguka hii shamba tangu Pasaka nikitafuta mahali kama hapo. Ile sehemu ya juu ilikuwa nzuri, lakini njia yangu ya kwenda kwa ng'ombe ilikuwa inapita mlangoni kwake."

Nilikuwa nimesikia kila neno. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Lakini nilingoja, na Mama akanigeukia, akaniambia yote tena tangu mwanzo, na nawaambia kweli, sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile nilichokisikia mara mbili asubuhi ile. Miezi yote ile niliyokuwa nasema hanitaki, mzee wa watu alikuwa anazunguka shamba lake akipima ni wapi nitaishi bila kuona haya. Nikamwambia Mama, "Mwambie Tata nimeshukuru sana. Na mwambie anisamehe kwa jana."

Mama akamwambia. Mzee akapiga kigingi cha pili, akakitikisa kuona kama kimeshika, kisha akasema, "Mwambie sijui anasema habari ya jana gani."

Nyumba tumeshaezeka, na mwisho wa mwezi tunahamia. Mimi nimejifunza. Kitenge cha kufanana na mama mkwe sishoni tena hata fundi apige magoti, na mtu akinialika ziwani nitakaa kwenye bembea na watoto. Mzee naye tangu siku ile hajanisemesha, chumvi bado inazunguka nyumba nzima, na mimi naiacha izunguke kwa raha zangu. Maana siku nikimsikia ananiita Kemunto kwa mdomo wake mwenyewe, sitauliza kuna nini. Nitajua radi iko karibu, na nitakimbia.